Korongo Anayetazama Nyuma

Hakuna aliyeingia wala kutoka mgodi wa Nyabusanda bila Bartholomeo kumshika mkono. Hakuwa akisalimia. Alikuwa nyapara mkuu wa lango, na kazi yake ilikuwa kuzuia wizi wa dhahabu. Manyapara wengine walipapasa mifuko. Yeye alishika kifundo cha mkono, akalaza kidole gumba juu ya mshipa, akakutazama usoni na kusikiliza. Mwizi, alisema, anaweza kuificha dhahabu hata tumboni, lakini moyo hana pa kuuficha. Aliyekutwa moyo wake unakimbia alipelekwa chumba cha pembeni akavuliwa nguo zote, na wengi hawakurudi kazini hata kama hawakukutwa na kitu.

Asubuhi ile alimshika Sajini Donatus Kapama, askari kanzu aliyeletwa kutoka Shinyanga.

"Shikamoo, Mzee Bartholomeo."

"Marahaba, Sajini." Kidole gumba kilikuwa kikavu na kizito. Mzee aliinamisha kichwa kidogo. "Moyo wako unakimbia. Umetuibia nini?"

Wachimbaji waliopanga mstari nyuma walicheka kidogo, kicheko cha watu wasiolala vizuri.

"Nimetoka kumwangalia Gregory," Donatus alijibu.

Kicheko kikakatika. Bartholomeo akamwachia mkono. "Mungu amrehemu. Nilimwombea kazi mimi mwenyewe, kijana yule."

Gregory alikuwa ameokotwa alfajiri kwenye mtaro wa maji ya kuoshea mawe, shingoni ana alama ya kamba. Juma lililopita alikuwa Thobias, nyuma ya kichuguu, kwa kamba vilevile. Wote wawili, chini kidogo ya bega la kushoto, walikuwa wamekatwa kipande cha ngozi cha mraba, kwa kisu kikali na mkono usiotetemeka. Kila mtu kambini alijua pale palikuwa na nini. Palikuwa na korongo.

Korongo alikuwa nembo ya kampuni. Amesimama kwa mguu mmoja, mdomoni ana punje ya dhahabu, na alikuwa kila mahali: juu ya lango, kwenye magunia ya posho, kwenye vikombe vya bati vilivyogawiwa kila Krismasi. Watu wa Nyabusanda waliipenda kampuni yao kwa namna ambayo mgeni alishindwa kuielewa. Mchimbaji wa hapo hakunywa chai kwenye kikombe kisicho na korongo. Akienda ugenini alibeba chake. Na aliyetimiza miaka mitatu kazini alikwenda kwa Mama Generosa, muuza pombe, akachanjwa ndege yule begani kwa sindano na masizi ya taa ya kabaidi. Kampuni haikumlazimisha mtu. Walijitakia wenyewe, na wengine walitoka pale wanalia kwa furaha. Mwenye korongo aliaminiwa dukani kuanzia Geita mpaka Katoro, na hata mkwe mkorofi alilainika. Donatus, ambaye alilitumikia jeshi la polisi miaka mingi bila kutamani kuchorwa twiga wa serikali mahali popote mwilini, alipoelezwa habari hiyo alitikisa kichwa tu.

Sasa mapenzi yale yalikuwa yamegeuka hofu. Ni mumiani, watu walisema. Kumbe kampuni inawatia watu wake chapa kama ng'ombe wa mnada, ili mumiani akija asipate shida ya kuchagua. Tangu Thobias alipouawa, wanaume wazima walikuwa wakijisugua mabega kwa mawe mpaka damu itoke. Wengine walijichoma. Harufu ya nyama iliyoungua ilipita katikati ya nyumba za kambi saa za mapishi, na wanawake hawakuthubutu kuulizana nani anapika nini.

Donatus hakuwa ameletwa kwa ajili ya mumiani. Alikuwa ameletwa kutafuta muhuri, kipande cha chuma kilichotumika kugonga chapa ya korongo juu ya dhahabu iliyokwisha kuyeyushwa. Muhuri ulikuwa umeibwa kwenye chumba cha kuyeyushia, na huko Shinyanga na Kahama wafanyabiashara walikuwa wameuziwa shaba iliyogongwa korongo wakidhani ni dhahabu safi. Karani wa chumba kile, wayeyushaji wake na manyapara wa lango, wote walihojiwa, wote waliapa. Meneja alisema wizi wa muhuri na vifo vile havihusiani. Donatus alimwitikia, kwa kuwa kumbishia meneja kulichukua muda.

Kwenye kituo kidogo cha polisi, Konstebo Ignas alikuwa amesimama mlangoni na bunduki, akitazama kundi la watu waliokaa kivulini ng'ambo ya barabara. Ndani ya mahabusu alikuwamo mganga mmoja mzee, aliyekamatwa kwa sababu watu walisema anatengeneza dawa ya ngozi.

"Afande, wanasema tuwape huyu mzee."

"Gregory ameuawa jana. Huyu mzee jana alikuwa wapi?"

"Humu ndani, mchana na usiku. Nimelala mlangoni mwenyewe." Ignas alishusha sauti. "Wanasema ametuma jini."

"Basi wewe mkamate jini, mimi nitaandika maelezo yake." Donatus aliketi, akavua kofia. Hakuwa na utani wowote moyoni. Mikono yake ilikuwa baridi tangu alipofunika uso wa Gregory. "Niambie, Ignas. Humu karibu kila mtu ana korongo. Kwa nini hawa wawili?"

"Labda zamu yao ilifika."

"Walikuwa na nini ambacho wengine hawana?"

Ignas alifikiri. "Hawana kitu, Afande. Wageni tu. Hata mwaka Gregory alikuwa hajamaliza."

Donatus aliinuka tena. "Na korongo ni wa miaka mitatu. Sasa yeye alimpata wapi?"

*

Mama Generosa alikuwa anachochea moto chini ya pipa la pombe ya mtama. Alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, lakini siku ile aliongea kwa kunong'ona.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Kama umekuja kunifunga, ngoja kwanza niepue."

"Thobias na Gregory uliwachanja wewe?"

"Mimi? Thubutu! Miaka mitatu ndiyo miaka mitatu. Walikuja kunibembeleza, wao wawili na mwenzao Bujiku, nikawafukuza kwa mwiko. Mtu hajaonja hata masika tatu anataka korongo!"

"Lakini walipata."

Generosa alitazama mlango. "Walikwenda ukutani," alisema.

"Ukuta gani?"

"Kambi ya zamani, baba. Kuna nyumba imeanguka, umebaki ukuta mmoja wa udongo wenye tundu. Unatundika kikombe chako cha korongo kwenye kigingi pale nje, na malipo ndani yake. King'ora cha saa tisa kikilia unaingiza mkono kwenye tundu mpaka begani. Upande wa pili kuna gunia linaning'inia, huoni kitu. Unachanjwa, unatoa mkono, unaondoka. Hakuna kuchungulia. Ukichungulia kidonda kinaoza mpaka mfupa."

"Nani anachanja?"

"Ningemjua ningekuwa nimempasua kichwa zamani. Ananiharibia kazi! Na tena hajui huyo." Alichukua kikombe cha bati, akakisogeza kwenye mkono wa kushoto wa Donatus. "Tazama. Ndege wa kampuni anatazama huku, siyo? Akikaa begani kwako anatazama mbele, kule unakokwenda. Basi Thobias alivua shati hapa, nikaona ndege wake anatazama mgongoni. Kila kitu kimegeuka, hata mguu uliokunjwa. Nikacheka mpaka nikakaa chini. Nikamwambia, wewe mtoto, huyu ndege amechoka kazi, anarudi kwenu. Pombe ilikuwa tele, watu wamejaa, tulicheka wote."

"Nani walikuwepo?"

"Uliza nani hakuwepo. Wachimbaji, makarani, manyapara, mpaka mpishi wa meneja." Ghafla macho yake yalijaa machozi. "Hazikupita siku nyingi akaokotwa. Baba, nimemuua kwa kicheko changu?"

"Hapana, mama. Na hao wengine wawili?"

"Walichanjwa mchana mmoja. Mkono mmoja huohuo."

Donatus alirudi kituoni akiwa ameinamisha kichwa. Alimkuta Ignas anagonga mihuri kwenye hati ya kumwachia mganga, apelekwe kwao kwa lori la jioni kabla kundi la nje halijavunja mlango. Ignas aliuweka muhuri wa kituo kifudifudi juu ya pedi ya wino, akaugonga kwenye hati, kisha akaulaza chali mezani. Donatus aliutazama. Kwenye karatasi jina la kituo lilisomeka vizuri. Kwenye uso wa muhuri lilisomeka kinyumenyume, herufi zote zimegeuka.

Alisimama pale mpaka Ignas akaogopa.

"Afande, una nini?"

"Mtu akitaka kuchora korongo humu, anaiga wapi?"

"Kwenye kikombe. Au gunia. Wako kila mahali."

"Na wote wanatazama upande mmoja. Sasa nionyeshe kitu kimoja tu hapa Nyabusanda chenye korongo anayetazama upande wa pili."

Ignas alitazama muhuri uliolala mezani, kisha akamtazama Sajini.

"Aliyekaa nyuma ya ukuta alikuwa na kile chuma magotini," Donatus alisema. "Alikitazama akachora alichokiona. Hakukumbuka kwamba muhuri uko kinyume mpaka aliposikia watu wanacheka kwa Generosa. Basi akajua kuwa kuna mabega matatu yanayotembea kambini yakimtangaza. Mawili amekwisha kuyafuta." Alikuwa ameshafika mlangoni. "Bujiku anakaa wapi?"

*

Mlango wa Bujiku ulikuwa umefungwa kwa ndani mchana kweupe.

"Hodi!"

"Sema jina lako ukiwa hukohuko," ilijibu sauti ya mwanamke.

"Sajini Donatus, wa polisi. Niko na Konstebo Ignas."

"Ignas, kohoa."

Ignas alikohoa. Mlango ukafunguka kidogo, na kitu cha kwanza Donatus kukiona kilikuwa panga. Nyuma ya panga alikuwa Paskalia, mke wa Bujiku, mja mzito wa miezi ya mwisho. Nyuma ya Paskalia ilikuwa harufu, na Donatus alijua kuwa amechelewa.

Bujiku alikuwa amelala kwenye mkeka, jasho linamtiririka, bega la kushoto limefungwa kitambaa. Katikati ya mafiga lilikuwamo jembe lisilo na mpini, ncha yake bado nyekundu.

"Nimemchoma mimi," alisema Paskalia. "Mtoto huyu atazaliwa ana baba. Kama ni kosa, nifunge."

Donatus alikaa chini kwenye udongo. Palikuwa na bega moja tu duniani ambalo lingeweza kusimama mbele ya hakimu, na sasa lilikuwa kidonda. Hasira ilimpanda, halafu akalitazama tumbo la yule mwanamke, hasira ikashuka.

"Alikuwa anatazama wapi ndege wako, Bujiku?"

"Nyuma, baba. Walinicheka."

"Ulimwona aliyekuchanja?"

"Hapana. Nilifumba macho. Nilisikia mkono wa mtu, baridi, basi. Hakusema neno."

"Kwa nini hukungoja miaka yako mitatu kama wenzako?"

Bujiku aliona haya. Alikuwa kijana wa Nyahanga, kule Kahama, na Kiswahili chake kilitembea polepole kwenye miguu ya Kisukuma. "Lango, baba. Mimi ni mtu wa woga tangu utoto. Nikiona watu wamepanga mstari tu, moyo unakimbia. Mara nyingi nimevuliwa nguo pale, mbele ya wakwe zangu mara moja. Wenye korongo hawavuliwi. Nikasema, nami nikiwa na ndege nitapita kama mtu." Alimshika Donatus kaptula. "Nirudi kwetu? Niondoke leo?"

"Njia ya Kahama ina vichaka vingi. Anayekutafuta anakungoja utoke peke yako. Bado uko hai kwa sababu mke wako analala mlangoni na panga."

"Basi tutangaze kuwa ndege hayupo!" Paskalia alisema. "Atatuacha."

"Atakumbuka kuwa mume wako ana mdomo. Hapana, mama. Kwa sasa yeye anaamini ndege yupo. Hicho ndicho kitu pekee tunachokijua ambacho yeye hakijui." Donatus alifuta jasho. "Bujiku, kesho asubuhi utakwenda langoni na shati la mikono mirefu. Utawaambia wenzako kwa sauti kwamba umechoka kuchekwa, unataka korongo wako ageuzwe atazame mbele. Kisha utatundika kikombe ukutani."

Paskalia alishika panga vizuri. "Mkono wa mume wangu hauingii tena kwenye tundu lile."

"Hautaingia. Utaingia wangu."

Nje, Ignas alimvuta pembeni. "Afande, kwa nini tusimkamate tu akifika? Tukae nyuma ya ukuta."

"Tumkamate kwa kosa gani? Mtu akikutwa nyuma ya gofu atasema amekwenda kujisaidia, na hakimu atacheka. Nataka nimkute ameushika mkono wangu kwa nia ya kuua." Alipapasa filimbi mfukoni. "Nami naogopa, Ignas, kama unataka kujua. Wewe jifiche nyuma ya kichuguu kilicho karibu na ukuta. Ukisikia filimbi, kimbia."

*

Kambi ya zamani ilikuwa imeachwa tangu miaka ya vita. Nyasi zilikuwa zimemeza njia, na kwenye kuta zilizoanguka walikaa mijusi wenye vichwa vyekundu. Hata wachunga mbuzi hawakupenda kupita hapo. Donatus alifika amevaa shati la Bujiku na kofia yake ya kazini, ameinama kama mtu mwenye haya. Kikombe kilikuwa kigingini, korongo wake anatazama upande unaostahili. Bujiku alikuwa ameamriwa kubaki kituoni, mlango umefungwa.

Tundu lilikuwa na ukubwa wa bakuli. Kingo zake zilikuwa laini, zimesuguliwa na mikono ya watu. Ndani hapakuonekana kitu isipokuwa gunia, na gunia lilikuwa na ndege.

Donatus aliweka filimbi kati ya meno. King'ora cha saa tisa kikalia kule mgodini, kirefu, na kilipokoma kimya kilikuwa kizito kuliko mwanzo. Akakunja mkono wa shati, akaingiza mkono wa kushoto tunduni mpaka bega likagota na shavu likalala kwenye udongo wa moto.

Hakuna kilichotokea. Sisimizi mmoja alitembea mbele ya jicho lake. Upande wa pili hewa ilikuwa ya baridi, na vidole vyake, ambavyo hakuviona, vilijihisi viko uchi. Aliwaza kuutoa. Aliwaza kabisa, akahesabu sababu za kuutoa, na zote zilikuwa nzuri.

Gunia likachakarika.

Mkono ukamshika kifundoni. Haukuwa na haraka. Kidole gumba, kikavu na kizito, kilipapasa kidogo, kikaupata mshipa, kikalala juu yake. Kisha kikangoja.

Donatus alimjua palepale. Mdomo ulifunguka wenyewe, na filimbi ikaanguka kwenye nyasi.

"Moyo wako unakimbia, Bujiku," ilisema sauti upande wa pili, kwa upole. "Usiogope. Tunamgeuza ndege."

Kamba ikapita juu ya kiganja, ikakaza. Donatus alivuta kwa nguvu zake zote; kamba ilikuwa imefungwa kwenye kitu kisichosogea, nguzo au jiwe, na kila alipovuta ilizidi kuuma. Alinyoosha mguu aifikie filimbi. Kiatu kiliisukuma mbali zaidi. Alitaka kumwita Ignas, koo likatoa upepo tu. Na nyuma ya ukuta hatua zilianza kutembea, zikizunguka gofu polepole, nyasi zikilala moja baada ya moja, zikija upande wake.

Basi ndivyo walivyokufa wale wawili, alielewa. Walirudi ili ndege wao ageuzwe, wakasimama hivi, mashavu ukutani, wakisikiliza hizo hatua.

Bartholomeo alitokea kwenye kona, kamba ya pili mkononi, kisu kiunoni. Alikuwa amevaa sare yake ya lango, vifungo vinang'aa. Alitembea mpaka akawa karibu kabisa ndipo alipouona uso chini ya kofia.

"Shikamoo, Mzee," alisema Donatus. Ulimi wake haukuwa na neno jingine.

"Marahaba," alijibu Bartholomeo.

Walitazamana. Yule mzee hakushtuka, wala hakukasirika. Alifikiri kidogo, kama alivyofikiri langoni kila siku juu ya mtu wa kumpitisha na mtu wa kumzuia, kisha akaizungusha kamba kwenye viganja vyake vyote viwili, akaujaribu ukakamavu wake.

"Sikuwa na ugomvi na polisi," alisema, akasogea.

Sauti ikarudi kooni. Donatus alipiga yowe ambalo, baadaye, Ignas alisema hakulitambua kuwa la Sajini. Kamba ilikuwa imekwisha kugusa shingo. Ilikuwa na harufu ya mafuta ya mashine. Alirusha teke, akakosa. Alipiga kwa mkono wa kulia, ukashikwa. Kisha akaona, juu ya bega la Bartholomeo, mtu anakuja mbio kwenye nyasi huku analia kwa sauti kama mtoto, na mtu huyo ameinua mpini wa jembe kwa mkono mmoja kwa sababu wa pili ulikuwa hauinuki.

Bujiku alimpiga Bartholomeo mara moja tu. Mzee alianguka kwa magoti. Ignas alifika anahema, akamlalia mgongoni, akamfunga pingu, na wote wanne wakabaki pale chini ya ukuta mpaka Ignas alipokumbuka kwenda kuikata kamba.

"Nilikuambia ubaki kituoni," Donatus alisema alipopata pumzi.

"Nilitokea dirishani, baba. Nilikuwa naogopa kukaa peke yangu."

Nyuma ya gunia walikuta mfuko wa turubai. Ndani yake, kwenye kitambaa cha flana, kulikuwa na kipande cha chuma, na juu ya chuma korongo anayetazama upande usiostahili. Chini yake kulikuwa na vifurushi viwili vidogo vilivyofungwa kwa jani la mgomba. Donatus alivigusa, akaufunga mfuko haraka ili Bujiku asione.

"Kwa nini hukuvizika, Mzee?" aliuliza.

Bartholomeo aliketi ameegemea ukuta, damu inashuka nyuma ya sikio. Shati lilikuwa limechanika begani, na pale bega lilipoonekana palikuwa na korongo wa zamani, mweusi, safi, anatazama mbele. Siku hiyo huenda alikuwa korongo pekee mzima aliyebaki Nyabusanda.

"Ni ndege wa kampuni," alisema. "Hawatupwi."

Ignas alitema mate pembeni.

Bujiku alikuwa amesimama anamtazama. Machozi yake yalikuwa hayajakauka. Kisha akasogea, akachuchumaa mbele ya nyapara mkuu wa lango, na Donatus alipotaka kumzuia akaona hana panga wala mpini. Alinyoosha mkono wake mzima, akamshika mzee kifundoni, juu ya pingu. Kidole gumba kilitafuta kidogo, kwa kuwa hakikuzoea, mpaka kikaupata mshipa. Bujiku akainamisha kichwa, akasikiliza.

Alisikiliza muda mrefu. Donatus aliona uso wake unabadilika, hofu mpya inaingia pale ilipotoka ile ya zamani.

"Afande," Bujiku alisema bila kuinua kichwa. "Haukimbii."

"Nini?"

"Moyo wake. Njoo ushike mwenyewe. Haukimbii hata kidogo." Aliuachia mkono ule, akarudi nyuma kwa makalio kwenye nyasi mpaka mgongo wake ukagota kwenye miguu ya Ignas. "Unatembea tu."